Mtoto Anayechimba Udongo Hapotezi Muda

[Muziki wa kufungua unashuka taratibu.]

Mazungumzo ya leo ni ya wamama, wababa, mabibi, na pia dada na kaka wakubwa wanaobaki na wadogo zao wakati wengine wamekwenda kupanga mstari wa posho.

Kuna swali tunaloulizwa mara kwa mara. Mtoto wa miaka mitatu au mitano anatoka asubuhi, anakaa kwenye udongo, anachimba, anaviringisha kokwa ya avoka, anafuata siafu mpaka saa sita. Je, amepoteza muda? Wazazi wengi wanaona amepoteza. Wanamrudisha ndani, wanamnawisha, wanamkalisha kwenye mkeka na kumwambia atulie. Tunaelewa kwa nini. Ukiwa ulivuka Rusizi mwaka 2025 umemshika mtoto mkono, si rahisi kuuachia mkono huo hata baada ya miezi mingi. Hata hapa Kinanira, kwenye parsela zenye ukuta, wazazi wanafunga geti.

Lakini tuangalie hali ya huyo aliyekalishwa. Chini ya shitingi, jua la mchana likiwaka, hewa inakuwa nzito na nafasi ya kugeuka ni ndogo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka 1 hadi 4 anahitaji kushughulisha mwili wake dakika 180 kwa siku, yaani masaa 3, yakigawanyika tangu asubuhi mpaka jioni. Akifika miaka 3, dakika 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia na kuruka mpaka pumzi ipande. Mkekani hawezi kuzipata. Tena mwanga wa jua unausaidia mwili kutengeneza vitamini D, na mtoto anayeikosa kwa muda mrefu mifupa yake inalegea, miguu inapinda ikawa matege.

Sasa, tunaposema mchezo wa mtoto mwenyewe, tunamaanisha kwamba yeye ndiye anayechagua. Anaamua acheze nini, na nani, kwa sheria gani, na aache saa ngapi. Nyimbo ambazo wahamasishaji wanafundisha watoto wakiwa kwenye mduara ni nzuri, tunazipenda, lakini pale mkubwa ndiye anayeongoza. Mtoto anahitaji pia masaa ambayo hakuna anayempigia makofi wala kumwambia afanye nini. Wawili wakijenga nyumba kwa majani ya migomba, lazima wakubaliane mlango utazame wapi. Ikianguka, wanagombana, mmoja ananuna, halafu wanaanza tena. Mwenye kutengeneza gari la kopo na vifuniko vya chupa anagundua mwenyewe kwamba gurudumu lisipokuwa mviringo gari linaruka-ruka. Ukiichukua kazi hiyo na kumtengenezea, gari litakuwa zuri zaidi, na yeye atakaa pembeni kukutazama wewe ukicheza. (Wababa, tunawajua.)

Msidhani mchezo mzuri unataka vifaa vya kununua. Mwaka 1943, nchi ya Denmark ikiwa imekaliwa na jeshi la Ujerumani, kule Emdrup katika mji wa Copenhagen kilifunguliwa kiwanja cha watoto kisicho na bembea za chuma. Aliyekipanga alikuwa mtaalamu wa bustani, Carl Theodor Sørensen, ambaye alikuwa ameona kwamba watoto wanaviacha viwanja vilivyopambwa, wanakwenda kuchezea mahali pa ujenzi. Basi wakapewa mbao, udongo na vitu vilivyotupwa, wakajenga walichotaka. Baada ya vita, mama mmoja wa Uingereza, Lady Allen wa Hurtwood, alikitembelea, akalipeleka wazo hilo kwao, na viwanja vya aina hiyo vikafunguliwa hata mahali palipobomolewa na mabomu. Kambini kwetu udongo upo, mawe yapo, majani na makopo yapo. Kinachokosekana mara nyingi ni ruhusa.

Kuna mchezo mmoja unaowaumiza wazazi wakiuona. Watoto wanacheza kukimbia. Mmoja anapiga kelele za risasi, wengine wanabeba mizigo ya majani kichwani, wanavuka mto uliochorwa kwenye vumbi, halafu wanapanga mstari na mmoja anawaandikisha majina. Mama anawakemea, kwa sababu yeye mwenyewe hataki kukumbuka. Mama, ukiweza, usiwakemee. Mtoto wa miaka minne hana maneno ya kueleza yaliyompata, anayaeleza kwa mwili. Ndani ya mchezo yeye ndiye anayeamua nani anafika ng'ambo. Kama anarudia mchezo uleule siku nyingi akiwa na hofu tu, hacheki, usiku halali, au anawaumiza wenzake, hapo mpeleke kwa mshauri wa kisaikolojia wa kambi, na umweleze ulichokiona.

Neno lingine ni juu ya wasichana. Tembea kambini saa nne asubuhi, utawaona wavulana wako kwenye mpira wa makaratasi. Msichana wa miaka sita amesimama kando, amembeba mdogo wake mgongoni, bidoni iko miguuni pake. Anatazama. Ukimuuliza, atakwambia anacheza. Hachezi, yuko kazini. Hatusemi asisaidie nyumbani, kwa sababu maisha yetu tunayajua. Tunasema mtoto mchanga anaweza kushikwa na bibi saa moja, au na kaka mtu, na bidoni inaweza kungoja. Mkataba wa haki za mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 31, unampa kila mtoto haki ya kupumzika na kucheza, na haukutenga wasichana.

Hatari zipo, na kuzijua ni kazi yetu wakubwa. Asubuhi pitia mahali watakapocheza: ondoa vyupa na nyembe, tazama kama kuna shimo la choo lililo wazi. Hapa kusini ya Bujumbura, makorongo ya mto Muha na Kanyosha yanabomoka wakati wa mvua, na mtoto mdogo asikaribie kabisa. Maji yaliyosimama na mifereji michafu ni mahali pa magonjwa. Wafundisheni watoto kwamba chuma wasichokijua hakiguswi, wanamwita mtu mkubwa. Mashamba ya wenyeji wasiyakanyage, maana ugomvi wa maharage yaliyovunjwa unatufikia sisi sote. Jioni tazama vidole vya miguu kama kuna funza, na kabla ya kula wanawe kwa sabuni. Sabuni ikikosekana, jivu safi linasaidia.

Ukishapitia mahali hapo, kaa panapokuwezesha kuwaona. Endelea kuchambua sombe yako. Mtoto akipanda kwenye jiwe dogo, usipige kelele, ngoja uone kama atajua kushuka. Akikuletea bugali ya matope, pokea na ule kwa uongo. Akikwambia umelipa kidogo, ongeza majani mawili.

Mabibi na mababu, kwenye kipindi kijacho tunataka kusikia kwenu michezo ya utoto wenu: ya Fizi, ya Uvira, ya Walungu, ya popote mlipokulia. Mwelezeni mwandishi wetu wa kambini kwenu mchezo unaitwaje na unachezwaje. Atarekodi sauti zenu.

[Muziki wa kufunga.]