Jumamosi ya Mzee Nyumbani

Wazee wetu wa Mbulu na Hanang, leo tunaweka dawa na kliniki kando. Tunazungumzia Jumamosi.

Mwezi wa sita na wa saba baridi ya huku juu inauma. Ukungu ukishaondoka, toa kigoda nje, kaa penye jua pasipo na upepo, uchambue vitunguu swaumu: unavunja kichwa, unatenga punje nene za mbegu, maganda yanapeperukia miguuni. Vidole vinafanya kazi, na mjukuu aliye kando anauliza mambo ya zamani. Hiyo ni raha, tena ni afya. Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na zaidi waushughulishe mwili angalau dakika 150 kwa wiki. Kutembea kwenda kutazama ndama kunahesabika. Kwenda mnadani kwa miguu, hata kama hununui kitu, kunahesabika pia, na huko utakutana na wenzio.

Jioni ndipo penye hatari. Jiko la mkaa likiingizwa chumbani na mlango ukafungwa, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua mtu usingizini. Vijana, tafadhali: mwongezeeni babu blanketi, jiko libaki nje. Chai ya maziwa ichemkie huko huko, bibi aletewe ikiwa moto, redio iwe karibu, na mtu wa kukaa naye awepo. Hili la mwisho tunalisisitiza, maana wapo wazee wanaolishwa vizuri lakini hawana wa kuongea naye.