Herufi E katika Jina Kenya: Mlima, Majirani na Tahajia



Mada niliyopangiwa ni asili ya jina la nchi yetu, na namna lilivyopata kuandikwa kwa Kiingereza kama tunavyoliandika leo. Ni haki izungumzwe hapa Kinoru, Meru. Uwanja wa jirani yetu ndio uliopokea sherehe za kitaifa za Madaraka tarehe 1 Juni 2018, na hapa tulipoketi ni mteremko wa mlima uliotoa jina lenyewe.

Madarasani tunarudia maelezo haya: Wakikuyu walisema Kirinyaga, Wakamba wakashindwa kulitamka, wakasema Kiinyaa, mmishenari Mjerumani akalisikia vibaya, akaandika Kenia, Mwingereza akaweka y, likawa Kenya. Kwa maelezo hayo, jina la taifa ni zao la ndimi nzito na masikio mabovu. Naomba leo tuyaache. Katika safari hiyo yote, kosa ninalolijua ni moja tu, na walilifanya wasomaji wa Kiingereza.

Tuanze na Wakamba. Mlima kwa Kikuyu ni kĩrĩma, na sisi Wameru husema vivyo hivyo. Mkamba husema kĩĩma. Shamba kwa Kikuyu ni mũgũnda. Kwa Kikamba ni mũũnda. Tazameni kinachotokea: r ya kati inatoweka na irabu inarefuka, g ya kati nayo inatoweka na irabu inarefuka. Sasa lichukueni Kĩrĩnyaga, ondoeni r, ondoeni g, mpate Kĩĩnyaa. Hiyo ni kanuni ya lugha inayojiheshimu, inayotenda kwa jina la mlima kile inachotenda kwa jina la shamba. Kusema Wakamba walishindwa ni sawa na kusema Mswahili ameshindwa kutamka kĩrĩma kwa kuwa yeye husema kilima. Na majirani zetu wa Embu hulitaja jina hilo kwa sura mbili, Kirinyaga na Kirinyaa. Haya ni maneno ya ndugu. Kila nyumba imelilea lake, na hakuna sababu ya kuiita nyumba moja yenye asili na nyingine zenye kuharibu.

Kuhusu maana, wazee hawakubaliani, nami sitajifanya mwamuzi wa mwisho. Wako wanaosema ni mahali pa mng'aro, pa Mwene Nyaga, Mungu mwenye mwanga. Wako wanaosema ni mlima wa mbuni, kwa kuwa nyaga kwa Kikuyu na nyaa kwa Kikamba ni mbuni, na mbuni dume ana manyoya meusi yenye meupe ndani yake, kama jabali jeusi lenye theluji. Mimi naegemea kwa mbuni, na sababu yangu ni majirani. Wamaasai huuita Ol Doinyo Keri, mlima wenye mistari. Sisi Wameru huuita Kirimara, na wazee wanaeleza kuwa ni mlima wenye alama nyeupe. Ikiwa watu wa pande tofauti za mlima mmoja, wengine wenye lugha zisizo na undugu, wote wametaja mabaka ya weupe juu ya weusi, basi naona walichokitaja ni kile macho yao yalichokiona. Hilo halimwondoi Mwene Nyaga. Watu wa kale waliona na wakaabudu mahali pale pale.

 

Sasa tumfikie yule mmishenari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf. Alifika Mombasa mwaka 1844, na baadaye akaweka makazi Rabai pamoja na mwenzake Johannes Rebmann, ambaye mwaka 1848 aliiona theluji ya Kilimanjaro. Mwaka uliofuata Krapf alisafiri hadi Kitui, kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu aliyezijua njia za kuelekea mlimani. Tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yalifunguka, akaona kwa mbali vilele viwili vilivyosimama kama pembe, vyeupe. Mwenyeji wake alikuwa Mkamba, kwa hiyo jina alilolipata lilikuwa la Kikamba. Lakini shahidi wake mwingine alikuwa mtu wa huku kwetu: Rumu wa Kikandi, kutoka Uembu, ndiye aliyemweleza kwamba juu kule kuna kitu cheupe chenye baridi kali, na kwamba maji yanateremka kutoka humo. Wanajiografia wa London, William Desborough Cooley akiwa mstari wa mbele, waliikataa kabisa theluji iliyo karibu na ikweta. Mtu wa Embu ambaye hakuwa na ramani alikuwa sahihi, na msomi mwenye ramani alikuwa amekosea. Naomba jina la Rumu wa Kikandi liingie katika masomo yetu kwa uzito ule ule tunaompa Krapf.

Krapf aliandika jina lile kwa zaidi ya namna moja, Kenia na pia Kegnia. Hiyo gn ni mtindo wa Kifaransa na Kiitalia wa kuandika sauti ambayo sisi kwa Kiswahili twaiandika ny, sauti moja isiyogawanyika. Na e je? Hapa ndipo penye moyo wa mada yangu.

Lugha zetu za mlima huu, Kĩmĩĩrũ, Kiembu, Kikuyu na Kikamba, zina irabu saba. Kiswahili kina tano. Irabu mbili za ziada ni zile tunazoandika kwa alama juu, ĩ na ũ. Ĩ iko kati ya i na e, na masikioni mwa mgeni inaelekea zaidi kwenye e. Mjerumani anayo irabu ndefu inayofanana nayo sana, na yeye huiandika e. Kwa hiyo Krapf aliposikia Kĩĩnyaa akaandika Kenia, sikio lake halikumdanganya. Aliandika alichoambiwa kwa herufi alizokuwa nazo.

Mkitaka ushahidi wa pili, mmeushika mikononi. Sisi ni Amĩĩrũ, lugha yetu ni Kĩmĩĩrũ, lakini ramani imeandika Meru. Ni ĩ ile ile iliyogeuzwa e! Jina la kaunti yetu na jina la nchi yetu yamepita mlango mmoja. Lakini Gĩkũyũ ikaandikwa Kikuyu, na Kĩrĩnyaga ikaandikwa Kirinyaga, kwa i. Sauti moja, herufi mbili, kutegemea nani alishika kalamu siku hiyo. Jomo Kenyatta aliliona jambo hili. Katika kitabu chake cha mwaka 1938, Facing Mount Kenya, mlima anauandika Kere-Nyaga, kwa e, na anaeleza kwamba anayetaka kufuata matamshi kikamilifu angeandika Gekoyo. Na kwa kuwa nimemtaja, niseme pia kwamba wanafunzi wanaodhani nchi ilipewa jina lake wamegeuza mambo: Kenia ilikuwa imeshaandikwa takriban nusu karne kabla yeye kuzaliwa.

Herufi y ilikuja na Waingereza. Naona sababu yake ni nyepesi. Msomaji wa Kiingereza akikuta Kenia angelikata silabi tatu, na y inamzuia. Wajerumani na Wahispania wamebaki na Kenia mpaka leo, nao Wareno huandika Quénia. Halford Mackinder alipofika kilele cha Batian mwaka 1899 tahajia ya y ilikuwa tayari inatumika. Lakini nchi yenyewe haikuwa na jina hilo. Tangu 1895 iliitwa Himaya ya Afrika Mashariki, na ni mwaka 1920 tu, ilipotangazwa kuwa koloni, ndipo jina la mlima lilipotandazwa juu ya watu wote, hata wa ukanda wa pwani wa Sultani wa Zanzibar, ambao uliitwa Himaya ya Kenya.

Kosa nililolitaja mwanzo ni hili. Baada ya kupokea herufi iliyo sahihi, Waingereza waliisoma kwa desturi yao wenyewe, wakasema Kiinya, na wazee wetu wa Njuri Ncheke walioko hapa waliisikia kwa maafisa wa wilaya. Wapo wanaotetea matamshi hayo kwamba yalikuwa karibu zaidi na Kirinyaga. Yalikaribia tahajia ya Kirinyaga, si sauti yake. Baada ya uhuru mwaka 1963 tukarudi kwenye e, tukidhani tunaweka matamshi mapya ya Kiafrika. Kumbe tulikuwa tunaukaribia mdomo wa Kivoi. Kilichobaki nje ni urefu tu: Mkamba anavuta irabu zote mbili, ya mwanzo na ya mwisho, nasi kwa Kiswahili tumezikata.

Nimekuja na ombi kwa walimu. Mtaala wa umilisi unatutaka tufundishe kwa lugha ya eneo katika madarasa ya chini, lakini nimeona vitabu vya mazoezi ambamo ĩ na ũ zimeachwa kana kwamba ni mapambo. Mtoto anayeandika bila alama hizo anapoteza irabu mbili kati ya saba, na hawezi kamwe kuelewa kwa nini nchi yake ina e ilhali kaunti ya Kirinyaga ina i. Alama hizo zinaweza kuandikwa hata kwa simu. Kisingizio cha mashine kimekwisha.

Na jina letu wenyewe la mlima bado halina tahajia moja. Nimeliona likiandikwa Kirimara, Kirimaara na Kĩrĩmaara. Napendekeza kikundi cha mchana kiketi na wazee hawa, kiwasikilize wakilitamka, kiafikiane kuhusu irabu zake na urefu wake, kisha kifanye vivyo hivyo kwa majina ya Nkubu, Gitimbine, Igoji, Chogoria na Mikinduri. Mimi sitaziweka alama hizo kwa kukisia. Karatasi ziko mezani, upande wa kushoto wa mwenyekiti.