Keki Huanzia Kwenye Chombo

Keki inapoungua chini huku katikati ingali mbichi, lawama huangukia oveni au mayai. Mara nyingi kasoro iko kwenye chombo.

Alumini hupitisha joto takriban mara 15 zaidi ya chuma cha pua, kwa hiyo keki huiva kwa usawa. Sifa hii humfaa hasa anayeokea kwenye jiko la mkaa, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, kwa sababu joto husambaa badala ya kulundikana mahali pamoja. Sufuria iwe nene kiasi, nyembamba huunguza. Na itoke kiwandani. Vipimo vya sufuria zinazosubuliwa kwa vyuma chakavu katika nchi kadhaa za Afrika vimekuta madini ya risasi, nayo hudhuru ubongo wa watoto. Hili mzazi asilipuuze, hata kama bei inavutia. Keki ya ndimu au ukwaju itandikiwe karatasi ya kuokea, maana uchachu hula alumini.

Rangi nayo ina kazi. Chombo cheusi hunyonya joto zaidi, hivyo oveni ipunguzwe nyuzi 10 hadi 15 za Selsiasi.

Kioo huchelewa kupata moto, kisha hukaa nao, na keki huendelea kuiva hata ikishatolewa. Kisiwekwe kamwe juu ya makaa: hupasuka. Silikoni huachia keki kirahisi, ila hulegea. Itangulizwe trei ngumu chini yake kabla ya kumimina unga.