Majani ya Nchi za Baridi: Hotuba Mbele ya Wanachama



Wengi wameniuliza habari za yale majani mabichi yaonekanayo katika picha za nyumba za Marekani, kama mtu aweza kuagiza mbegu yake akaipanda uwanjani kwake. Kabla hamjatoa fedha, nisikilizeni.

Namna zake ni nyingi. Nitataja moja tu, feskyu ndefu iitwayo Kentucky 31. Asili yake ni Ulaya. Mwaka 1931 Profesa E. N. Fergus wa Chuo Kikuu cha Kentucky aliiona imestawi mlimani katika shamba moja la wilaya ya Menifee, akachukua mbegu, akaijaribu; na mwaka 1943 wakulima wakapewa.

Ukoka wetu hupenda jua kali, tena hutambaa. Feskyu sivyo: hupenda hewa ya digrii 15 hata 24 za sentigredi, nayo huota mashina mashina, kwa hiyo penye upara hapazibiki penyewe, sharti pamwagwe mbegu tena. Watu wa Kentucky hupanda mwanzo wa Septemba, ardhi ingali na joto na hewa imeanza kupoa, ili mizizi ishike kabla ya joto la mwaka ujao. Mbegu hufukiwa robo ya inchi tu, na udongo usikauke mpaka ziote, yapata siku 7 hata 14. Baadaye maji hutiwa mara chache, lakini yazame chini.

Katika kukata ndipo wengi huharibu. Mtu apenda uwanja uwe kama zulia, akakata mpaka chini; jua likaunguza udongo, magugu yakaingia. Acheni inchi 3, wala msipunguze zaidi ya theluthi ya jani kwa mara moja.

Mwenye ng'ombe na ajihadhari sana. Ndani ya jani la Kentucky 31 hukaa kuvu isiyoonekana kwa macho, ambayo wataalamu waliitambua katika miaka ya 1970. Huisaidia feskyu kushinda wadudu na ukame, lakini ng'ombe huwadhuru: hukonda, maziwa hupungua, na wengine huoza kwato na ncha ya mkia. Majani yaliyokatwa yasipelekwe zizini.

Basi aliye Mombasa au Dar es Salaam asipoteze mshahara wake; joto litaimaliza. Ukoka aweza kuomba kwa jirani. Aliye milimani penye baridi na ajaribu kipande cha hatua tano kwa tano, akiangalie mwaka mzima. Lakini kwanza amwone bwana shamba, maana mbegu za nje haziingii bila hati ya ukaguzi wa mimea.