Kamera au jicho la daktari?

Juma hili nataka tuingie kidogo katika chumba cha wagonjwa mahututi, pale ambapo jamaa huzuiwa mlangoni wakaambiwa wasubiri nje. Huko nje hufika habari moja ya kutisha: mgonjwa anawekewa mpira wa kupumulia. Wengi wetu tukiisikia tunaanza kulia, tukidhani ndiyo basi tena.

Mpira huo hupitishwa mdomoni, katikati ya nyuzi za sauti, hadi kwenye koo la hewa, ili mashine imsaidie mtu aliyechoka kupumua. Lakini nyuma ya koo la hewa ipo njia ya chakula, na mpira ukiingia huko hewa inakwenda tumboni. Tena, kabla ya kuanza, kwa kawaida mgonjwa amekwisha kuchomwa sindano ya usingizi na ya kulegeza misuli. Hawezi tena kupumua mwenyewe. Kila jaribio linaloshindikana linakula akiba yake ya oksijeni; shinikizo la damu huweza kuporomoka, na moyo ukasimama. Ndiyo maana madaktari hupigania jaribio la kwanza lifaulu.

Chombo kilichozoeleka cha kuinulia ulimi kinatokana na kazi ya Profesa Robert Macintosh wa Oxford, mwaka 1943. Ni kipini chenye betri na bapa la chuma lililopinda, lenye taa. Daktari huinama na kuchungulia kooni kwa jicho lake. Tangu miaka ya 2000 kimeenea chombo kingine chenye kamera nchani, na koo linaonekana kwenye kioo kama televisheni ndogo.

Kipya kinyemi, lakini je, kinafaa zaidi? Wafaransa walipima jambo hilo kwa wagonjwa mahututi 371, wakatoa matokeo mwaka 2017. Kwa kamera, jaribio la kwanza lilifaulu kwa asilimia 67.7, kwa chombo cha zamani, asilimia 70.3. Hata madhara ya kutishia maisha yalikuwa mengi zaidi upande wa kamera. Picha ilikuwa nzuri, lakini kuona mlango si kuupita: mpira unaweza kugoma kukata kona.

Mwaka 2023 Wamarekani wakaja na habari nyingine. Katika vitengo 17 vya dharura na vya mahututi, wagonjwa 1,417, kamera ilifaulu jaribio la kwanza kwa asilimia 85.1, chombo cha zamani asilimia 70.8. Utafiti ukasimamishwa kabla ya idadi iliyopangwa kutimia, maana jibu lilikuwa wazi. Hata hivyo, madhara makubwa yalikaribiana pande zote mbili: kama mgonjwa mmoja katika kila watano.

Mimi si daktari, lakini lipo jambo moja lililonigusa. Kule Marekani waliofaidika zaidi na kamera walikuwa wale ambao hawajaweka mipira mingi maishani mwao. Basi jiulizeni, saa nane ya usiku, nani huwa zamu? Mara nyingi si bingwa mwenye mvi, ni kijana. Kamera ni ya kijana huyo. Ila inunuliwe pamoja na vipuri vyake, ichajiwe, ioshwe ipasavyo, na isifungiwe kabatini ikingojea wageni wa kuionyesha. (Nisamehewe, lakini tunajuana.)

Na kamera siyo yote. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani walionyesha, kwa wagonjwa 1,301, kwamba ukimpa mgonjwa oksijeni kwa barakoa iliyobana, mashine ikisukuma hewa, kabla ya kuweka mpira, oksijeni mwilini hushuka vibaya kwa asilimia 9.1 tu ya wagonjwa. Kwa barakoa ya kawaida ilikuwa asilimia 18.5. Habari hii haikupigiwa debe kama ile ya kamera, nami naona haistahili kuachwa nyuma.

Baada ya hapo kinabaki kifaa cha kupima hewa ya kaboni tunayoitoa tunapopumua. Mpira ukiwa mahali pake, vilima huchoreka kwenye kioo kila mgonjwa anapotoa pumzi. Mstari ukilala bapa, hata kama daktari anaapa kwamba aliona mpira ukipita, mpira huo unachukuliwa kuwa umepotea njia: utolewe, na mgonjwa apewe hewa kwa barakoa na mfuko wa mkono wakati wenzake wanajipanga upya.