Maji Yaliyotumika na Hukumu ya Twahara



Tiwi, pwani ya Oman kati ya Qurayyat na Sur, maji ya falaji hunywewa kwanza, kisha hutumika kwa kuoga na kutawadha, na mwisho hunywesha mitende. Je, maji taka nayo yaweza kurudi kazini?

Mbali kusini, Salalah, tangu 2003 maji taka yaliyokwisha kusafishwa hurudishwa ardhini kupitia visima vya kandokando ya pwani, ili bahari isitie chumvi visima vya mashamba. Kwingineko huachwa yazame polepole mchangani: mchanga huyachuja, na vijidudu vya udongoni hula uchafu.

Tusikimbilie kuona karaha. Mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudi Arabia lilitoa fatwa: yakisafishwa hata rangi, ladha na harufu ya najisi zitoweke, hurejea kuwa twahara na yafaa kwa udhu; kwa kunywa, waliona ni bora kuyaepuka.

Basi twahara huthibitishwa na fiqhi, na usalama na maabara. Tunazihitaji zote mbili. Nasi ugenini, bomba lisilokauka lisitufundishe israfu wakati wa udhu.

Allah atutakabalie saumu zetu. Amin.