Barabara na Waya za Umeme Zipangwe Pamoja

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama



Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo watu hudhani ni la mainjinia peke yao: laini kubwa za umeme zipite wapi? Jambo hili latugusa mfukoni, shambani na kazini.

Twakumbuka laini ya Loiyangalani hadi Suswa, yenye nguvu ya voliti 400,000 na urefu wa kilomita 428. Mitambo 365 ya upepo karibu na Ziwa Turkana ilikuwa imekwisha simamishwa mwaka 2017, lakini laini ilimalizika Septemba 2018. Sababu moja ni mkandarasi wa kutoka Hispania aliyefilisika. Sababu nyingine ni ardhi: mabishano ya fidia mahali waya zilipotakiwa kupita. Umeme ulikuwako, njia haikuwako. Kungoja huko kuliigharimu nchi mabilioni ya shilingi.

Laini ya namna hiyo yataka ukanda wa mita 60 kwa upana. Basi kila kilomita moja ni hekta 6, yaani karibu eka 15, ambamo mtu hawezi kujenga nyumba wala kupanda miti mirefu.

Lakini iko ardhi iliyokwisha tengwa kwa ajili ya umma, nayo ni hifadhi ya barabara kuu. Huko Marekani, jimbo la Wisconsin liliweka sheria mwaka 2003: kwanza zifuatwe njia za laini zilizopo, kisha barabara kuu na reli, na ardhi mpya iwe ya mwisho. Jimbo jirani la Minnesota lilifungua barabara zake kuu kwa laini kubwa mwaka 2024.

Hatusemi kwamba ni kazi rahisi. Barabara hupinda, na waya hutaka kunyoka. Kila kona yahitaji mnara mzito zaidi, wenye gharama zaidi. Mnara ukiwa karibu mno na lami, lori likiacha njia litaugonga. Barabara ikipanuliwa baadaye, minara itahamishwa na fedha zitalipwa mara ya pili. Kwa hiyo mara nyingine minara husimamishwa kando tu ya hifadhi, na sehemu ya ukanda ikawa juu ya ardhi ya barabara. Hivyo shamba la mwananchi huchukuliwa kidogo tu. Tena fundi hufika kwenye mnara kwa gari, bila kukata njia mpya porini.

Lakini ndugu zetu, hatari nayo ipo. Dereva wa tipa akiinua bodi chini ya waya hizo, umeme waweza kuruka hata kabla ya chuma kugusa waya. Fundi wa umeme naye atafanya kazi huku magari yakipita mbio mgongoni mwake.

Wala hifadhi ya barabara si tupu. Wako mama mboga, mafundi wa baiskeli, na wenye vibanda ambao hutulisha mchana. Wao huijua habari ya mradi siku ile wanapokuta alama ya X nyekundu ukutani.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, barabara na laini zichorwe pamoja tangu mwanzo, pamoja na nafasi ya kupanua barabara. Pili, wafanya kazi wa umeme na wa barabara waulizwe juu ya usalama kabla ya nguzo ya kwanza kusimama. Tatu, wachuuzi waambiwe mapema na waonyeshwe mahali pengine pa kufanyia biashara.

Kila tawi lilete katika mkutano ujao orodha ya mahali ambapo waya zimelegea au ziko karibu mno na barabara. Madai yenye orodha hayakataliwi kwa urahisi.

Umoja ni nguvu.